Larry Bird na Kazi Aliyoigawa

Mei 1997 Indiana Pacers walimkabidhi timu mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha, hata msaidizi. Larry Bird alikuwa amestaafu kucheza tangu 1992 kwa sababu ya mgongo, na miaka iliyofuata aliitumia ofisini kwa Boston Celtics. Misimu mitatu baadaye hesabu yake ilisomeka hivi: ushindi 147, vipigo 67, fainali ya Kanda ya Mashariki kila mwaka, fainali moja ya NBA, na tuzo ya Kocha Bora ya 1998. Timu aliyoipokea ilikuwa imetoka kumaliza msimu kwa ushindi 39 na vipigo 43 chini ya Larry Brown, na Brown ni miongoni mwa walimu wakubwa wa mchezo huu.

Tusikimbilie kusema kwamba ukubwa wa jina ndio uliofanya kazi. Magic Johnson alikuwa na jina lisilopungua la Bird, na wawili hao walianza kupimwa pamoja tangu fainali ya vyuo ya 1979. Machi 1994 Magic alikubali kuinoa Lakers iliyokuwa inayumba. Alishinda mechi tano kati ya sita za mwanzo, kisha akapoteza kumi mfululizo. Mechi 16, na hadithi ikaishia hapo. Ni haki kukumbuka kwamba aliingia msimu ukiwa ukingoni, bila kambi ya mazoezi. Lakini pia alionekana wazi kukasirishwa na wachezaji ambao hawakuuchukulia mchezo kama alivyouchukulia yeye. Wapenzi wa soka wana mfano wao: Thierry Henry aliingia Monaco Oktoba 2018, na Januari iliyofuata alikuwa ameshaondolewa.

Tatizo la nyota anayegeuka kocha linaeleweka ukimuuliza mpishi hodari wa pilau anatia bizari kiasi gani. Atakwambia, "Kiasi tu." Hakufichi kitu, mkono wake ndio unaojua. Bird alipokuwa anacheza alitoa pasi kwenda mahali ambapo mwenzake alikuwa bado hajafika, na mwenzake akafika. Utalifundishaje hilo Jumanne asubuhi, kwa watu kumi na wawili, kwa chaki na ubao? Kwa maoni yangu, jambo la akili kuliko yote aliyoyafanya Indiana ni kutojaribu kabisa.

Badala yake alianza na benchi la ufundi. Ulinzi alimwachia Dick Harter, mzee aliyekuwa kocha wa kwanza wa Charlotte Hornets, na aliyewahi kumsaidia Chuck Daly kule Detroit na Pat Riley kule New York, yaani shule mbili ambako ulinzi ulikuwa karibu na mieleka. Mashambulizi alimpa Rick Carlisle, ambaye alikuwa mchezaji wa akiba wa Celtics katikati ya miaka ya 1980 huku Bird akicheza, kisha akajifunza ukocha hatua kwa hatua kama msaidizi. Makocha wengi hugawa kazi hivi kwa jina tu. Taimauti ikiitwa, mkubwa ananyakua ubao. Kwa Pacers taimauti ilipoitwa, mara nyingi aliyechora alikuwa Carlisle, na Bird alisimama pembeni akisikiliza pamoja na wachezaji. Mchezo ukiendelea alikaa, hakupiga kelele wala kutembea kando ya mstari akipunga mikono.

Alijibakizia nini, basi? Kwanza, miili. Kambi yake ya kwanza ilikuwa ya kukimbia, kwa sababu aliamini timu ya wakongwe hupoteza mechi katika robo ya nne, miguu inapokwisha. Pili, saa. Ndege ya timu iliwahi kuondoka na kuwaacha wachezaji wawili waliochelewa, na baada ya hapo suala la muda halikuhitaji hotuba. Tatu, nani acheze na kwa muda gani, na hapa ndipo nyota huyu alipokuwa na faida ya kweli. Mtu aliyecheza kwa kiwango kile humtambua mchezaji aliyekosa uhakika kwa namna anavyopokea mpira tu. Jalen Rose alikuwa amesahaulika benchini chini ya Brown. Bird alimwambia atacheza, akamchezesha, na hakumtoa kila alipokosea. Mwaka 2000 Rose alichukua tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi, na wastani wake wa pointi ukampita Reggie Miller, mfungaji mkuu wa timu, kwa unywele.

Tukiingia uwanjani, mashambulizi ya Pacers yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyazuia. Miller alikimbia chini ya kikapu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akipita nyuma ya skrini za Dale Davis na Rik Smits, Mholanzi wa mita 2.24. Mlinzi wake alikuwa na hiari mbili: kumfuata na kugongana na miili hiyo, au kukata njia na kumpa nafasi ya kurusha. Ujio wa Chris Mullin kutoka Golden State katika kiangazi cha 1997 uliongeza mkono wa pili wa hatari upande wa pili, hivyo msaada ukipelekwa kwa Miller, Mullin alibaki peke yake. Na Smits, senta aliyeweza kufunga akiwa mbali na kikapu, alimvuta senta mpinzani nje, mahali asipopapenda. Katika msimu wa kwanza wa Bird, wa ushindi 58, rekodi ya klabu ndani ya NBA wakati huo, hakuna Pacer aliyefikisha wastani wa pointi 20. Miller, aliyeongoza, alikuwa na 19.5.

Aliyeendesha yote hayo ni Mark Jackson, na namna yake inastahili aya yake. Jackson hakuwa na kasi. Alikuwa na mabega na subira. Alimpa mgongo mlinzi mdogo, akadunda mpira na kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kikapu, sekunde saba, nane, kumi, macho yakitafuta Miller anatokea wapi. Msaada ukija, pasi. Usipokuja, anarusha mwenyewe. Haikupendeza machoni, nakubali. NBA nayo haikupendezwa: kuanzia msimu wa 1999-2000 mchezaji aliye chini ya mstari wa mitupo huru haruhusiwi kudunda mpira akiwa amekipa kikapu mgongo kwa zaidi ya sekunde tano. Pacers hawakulia. Sehemu ya kazi ya kuanzisha mashambulizi ilihamia kwa Rose, ambaye alikuwa mrefu kuliko walinzi wengi waliomkabili, na aliyekuwa tayari amechukua nafasi ya Mullin katika tano ya kuanza.

Mipaka ya mpango huu ilionekana dhidi ya walio bora kabisa. Mwaka 1998 Pacers waliwapeleka Chicago Bulls ya Michael Jordan hadi mechi ya saba, wakafungwa 88-83. Walikuwa mbele ndani ya robo ya nne, hadi mpira wa kurushwa juu kati ya Smits na Jordan ulipoishia kwa Scottie Pippen, na Steve Kerr akafunga pointi tatu kusawazisha. Mwaka 2000, kwenye fainali, tatizo lilikuwa na jina moja: Shaquille O'Neal, senta wa Lakers. Antonio Davis, mmoja wa watu wazito waliokuwa wanapokezana chini ya kikapu, alikuwa ameshapelekwa Toronto kwa kubadilishana na kijana wa sekondari, Jonathan Bender. O'Neal alimaliza fainali ile na wastani wa pointi 38. Katika mechi ya pili Bird aliamuru afanyiwe faulo kwa makusudi. O'Neal alirusha mitupo huru 39, akaingiza 18, na Lakers wakashinda 111-104. Kwa hesabu faulo ilikuwa uamuzi sahihi. Kwa mchezo, iliwanyima Pacers mashambulizi ya haraka na kuwajazia faulo watu wao wakubwa. Mechi ya nne O'Neal alitolewa kwa faulo katika muda wa nyongeza, mlango ukawa wazi, na Kobe Bryant aliyekuwa na kifundo kibovu akaufunga. Lakers walimaliza kazi katika mechi sita.

Wapo wanaosema kocha halisi alikuwa Carlisle. Hoja ina uzito: alikwenda Detroit akawa Kocha Bora wa 2002, kisha akatwaa ubingwa na Dallas mwaka 2011. Lakini hoja hiyo inasahau swali la nani alimpa ubao, na nani alikaa kimya mbele ya kamera huku mwingine akiushika. Nyota wangapi wanaweza hilo?

Bird alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba hatazidisha miaka mitatu, kwa kuwa aliamini baada ya hapo wachezaji huacha kumsikiliza kocha yeyote. Watu walidhani ni maneno. Fainali ilipokwisha aliondoka, na alitaka Carlisle amrithi. Rais wa klabu, Donnie Walsh, alimchagua Isiah Thomas, nyota mwingine mkubwa ambaye hakuwahi kuwa kocha. Misimu mitatu chini ya Thomas, Pacers hawakuvuka raundi ya kwanza ya mtoano hata mara moja. Mwaka 2003 Bird alirudi, safari hii kama bosi wa masuala ya mchezo, akamwondoa Thomas na kumwita Carlisle. Msimu huo Pacers walishinda mechi 61, tatu zaidi ya rekodi ya Bird mwenyewe.