Ufundi wa Kutogusa

Swali la kwanza la fundi hodari wa kurejesha faili zilizofutwa huwa fupi: tangu ufute, umeitumia tena hiyo kompyuta? Jibu huamua karibu kila kitu. Aliyezima mashine papo hapo ana matumaini makubwa. Aliyehangaika saa nzima akipakua programu za uokozi na kuzisakinisha kwenye diski ileile, huenda amekifukia kwa mikono yake kile alichokuwa akikitafuta.

Sababu imo katika namna kompyuta inavyofuta. Kwenye diski za sumaku, faili ikifutwa, kilichomo hakiguswi kwanza. Ni kama mhudumu wa gesti amekata jina la mgeni daftarini, lakini mgeni mwenyewe bado amelala chumbani. Katika mfumo wa FAT, uliotumika tangu enzi za DOS na ambao hadi leo umo kwenye flashi na memori kadi nyingi, baiti ya kwanza ya jina la faili hubadilishwa kuwa E5, na nafasi zake huandikwa kuwa ziko wazi. Basi. Picha yenyewe hubaki pale ilipokuwa mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Mmarekani Peter Norton aliuona mwanya huo mapema, na mwaka 1982 akatoa Norton Utilities, ambamo mlikuwa na UnErase, programu ya kurudisha kilichofutwa kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana sifa kuu ya kazi hii ni kujizuia. Anayeijua haigusi diski ya mteja zaidi ya lazima: huinakili yote, sekta kwa sekta, kisha hufanyia majaribio ile nakala. Programu ya GNU ddrescue iliandikwa kwa ajili ya diski zinazokaribia kufa. Huchota kwanza sehemu zilizo nzima, na zile mbovu huziachia mwisho, ili diski isikate roho kabla kilicho salama hakijatolewa. Nani asiyeheshimu busara ya namna hiyo?

Daftari lenyewe likiharibika, fundi huisoma diski bila daftari, akiwinda alama za mwanzo. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. Hati ya PDF huanza na %PDF. Hati za Word za siku hizi huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyebuni muundo wa ZIP. PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, hufanya kazi hiyo kwa subira, ikizipanga ilizopata katika folda iitwayo recup_dir.1. Majina ya awali yamekwenda. Kila faili sasa ina herufi f na msururu wa tarakimu. Hapo fundi humwita mwenye mali wakae pamoja, wafungue moja moja: hii ya harusi, hii risiti, hii haifunguki.

Mfano mkubwa kuliko yote ulitoka angani. Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha Columbia kilisambaratika juu ya Texas kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafariki. Miezi kadhaa baadaye ikaokotwa diski ya megabaiti 400, imeungua, vumbi limeingia ndani. Jon Edwards wa kampuni ya Kroll Ontrack, huko Minneapolis, alizisafisha sahani zake na kuzihamishia kwenye diski nyingine. Akapata takriban asilimia 99 ya data ya jaribio la gesi ya xenon. Bahati ilichangia: kompyuta ile ilitumia DOS, isiyotawanya data ovyo, na sehemu zilizochubuka hazikuwa zimeandikwa kitu. Lakini bahati bila mikono yake isingefaa kitu. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008.

Diski za SSD zimeubana ufundi huu. Zina amri iitwayo TRIM: faili ikifutwa, diski huarifiwa kwamba nafasi ile haitakiwi tena, nayo huisafisha yenyewe, mara nyingi muda mfupi tu baadaye. Hapo programu yoyote inayoahidi miujiza inauza hewa. Fundi mwaminifu husema hivyo kabla ya kutaja bei, kisha huuliza kama picha zilipigwa kwa kamera, na kama ile kadi yake bado ipo.