Kufupisha Ngojangoja ya Mgonjwa wa Kifundo cha Mkono

Mtu mzima aliyeteleza akaangukia kiganja, na ambaye kifundo chake cha mkono kimevimba, hahitaji kazi nyingi ya kitabibu. Hupapaswa kwa dakika chache, hupigwa picha mbili za eksirei, moja ya mbele na nyingine ya ubavuni, kisha hufungwa banzi au plasta ngumu. Kazi yote hiyo ikiwekwa pamoja haijazi saa moja, lakini mgonjwa huyo huyo huweza kukaa kwenye benchi nusu siku. Sababu ni kwamba katika utaratibu wa kawaida hupanga foleni ya daktari mara mbili: mara ya kwanza ili aandikiwe eksirei, na mara ya pili ili picha hiyo isomwe. Kwa kuwa hali yake haitishii uhai, kila anayeletwa akiwa mahututi humpita katika foleni zote mbili, jambo ambalo ni haki, ila linaonyesha kwamba muda hauwezi kuokolewa kwa kuwahimiza madaktari waongeze kasi. Kinachopaswa kubadilika ni nani anaamua, na anaamua wakati gani.

Badiliko la kwanza lilikuwa kumpa muuguzi wa triaji mamlaka ya kuomba eksirei. Triaji ni hatua ya kuwapanga wagonjwa kulingana na uzito wa hali zao mara wanapofika, na muuguzi anayeisimamia ndiye mtaalamu wa kwanza kuushika mkono ulioumia. Akiomba picha hapo hapo, foleni ya kwanza ya daktari hufutika, na mgonjwa humfikia daktari akiwa na jibu tayari. Nchini Uingereza, lengo la serikali kwamba wagonjwa wa dharura wahudumiwe ndani ya saa 4, ambalo mwaka 2004 lilitakiwa kufikiwa kwa asilimia 98 ya wagonjwa, lilizisukuma hospitali kuutazama upya mgawanyo wa kazi kama huo. Hata hivyo, majaribio ya eksirei iliyoombwa na muuguzi hayakutoa matokeo yanayofanana, na sababu yake si ngumu kuiona. Pale ambapo msongamano uko kwenye chumba cha eksirei chenyewe, kuomba picha mapema kunahamisha foleni tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na muuguzi akiogopa lawama akamwandikia picha kila anayelalamika maumivu, foleni hiyo hurefuka zaidi.

Kwa hiyo muuguzi alihitaji kigezo cha kuaminika, si idhini pekee. Mfano ulikuwapo tangu mwaka 1992, pale Ian Stiell na wenzake katika mji wa Ottawa, Kanada, walipochapisha kanuni za kuamua ni kifundo kipi cha mguu kinachostahili eksirei, kwa kubonyeza sehemu maalumu za mfupa na kuangalia kama mgonjwa anaweza kutembea hatua nne. Kwa kifundo cha mkono kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani mkono haubebi mwili na hauna kipimo rahisi kama hatua nne. Watafiti wa Uholanzi walichunguza watu wazima 882, wakatumia taarifa za 487 kuunda kanuni na za 395 waliobaki kuijaribu, na mwaka 2015 wakatangaza kanuni za Amsterdam.

Kanuni hizo zina vipengele 8. Umri na jinsia huandikwa tu. Kisha mchunguzi hutazama kama kifundo kimevimba, kama kibonde kilicho kwenye shina la kidole gumba kimejaa, na kama mkono umepinda kwa namna inayoonekana. Halafu hubonyeza ncha ya radiasi, yaani ule mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, hukiinamisha kifundo kuelekea upande huo huo, na mwisho hukisukuma kidole gumba moja kwa moja kuelekea kifundoni, akisikiliza maumivu katika kila tendo. Majibu huingizwa katika fomula inayotoa uwezekano wa kuwapo mvunjiko.

Usahihi wa kanuni hizo unastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana ndipo thamani yake na mipaka yake vinapokutana. Katika kundi la majaribio zilinasa asilimia 98 ya waliovunjika, lakini miongoni mwa ambao hawakuvunjika ziliwaondolea eksirei asilimia 21 tu. Tuseme wamekuja wagonjwa 200, nusu yao wamevunjika. Kanuni itawapeleka eksirei 98 kati ya waliovunjika na 79 kati ya wasiovunjika, na itawaambia wengine 23 kwamba hawahitaji picha, ilhali wawili kati ya hao 23 wana mvunjiko. Upungufu wa picha ni kama moja katika kila kumi, nao ni mdogo. Anayetarajia kanuni hii ipunguze eksirei kwa wingi atakata tamaa. Faida yake kubwa iko kwingine: inampa muuguzi msingi wa kuwatuma wagonjwa 177 kwenye picha bila kumngoja daktari, na inawatenga wachache ambao daktari anaweza kuwachunguza kwa utulivu na kuwaagiza warudi maumivu yasipopungua. Watoto walitengenezewa kanuni zao, kwa sababu mifupa yao bado inakua.

Foleni ya pili, ya kusomewa picha, ilishughulikiwa kwa njia nyepesi kuliko mtu angedhani. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya hospitali za Uingereza ziliwaruhusu wapiga eksirei kubandika kidoti chekundu kwenye picha waliyoitilia shaka, ili daktari asiye mzoefu asiipite. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoweka viwango vya tiba, ulikwenda mbali zaidi mwaka 2016 kwa kutaka taarifa kamili ya maandishi itolewe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kuondoka.

Mfupa uliohama huleta ngojangoja yake, kwani lazima urudishwe mahali pake, na kusubiri chumba cha upasuaji kwa ajili ya usingizi kunaweza kuchukua siku nzima. Mwongozo huo huo ulipendekeza kwamba, kwa watu wazima ambao ncha ya radiasi imehamia upande wa mgongo wa mkono, idara ya dharura ifikirie ganzi ya Bier, iliyobuniwa na daktari Mjerumani August Bier mwaka 1908. Mkono hubanwa kwa mkanda wa hewa, dawa ya ganzi huingizwa kwenye mshipa chini ya mkanda, na baada ya dakika chache mgonjwa akiwa macho mfupa hunyooshwa. Mkanda haulegezwi kabla ya dakika 20 kupita, ili dawa isikimbilie moyoni kwa ghafla, na hizo ni dakika ambazo hakuna mpango wa kuharakisha unaoruhusiwa kuzigusa.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa skafoidi, mfupa mdogo ulio chini ya kile kibonde cha kidole gumba. Mvunjiko wake unaweza usionekane katika picha ya siku ya kwanza, na kwa kuwa damu huuingia zaidi kupitia upande mmoja, kipande kilichokatika kinaweza kufa polepole. Mgonjwa wa namna hiyo hufungwa mkono na kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14, au hufanyiwa kipimo cha MRI mapema pale kinapopatikana.

Kwa watoto mambo yamekwenda upande mwingine kabisa. Mvunjiko wao wa kawaida ni ule ambao mfupa hubonyea upande mmoja kama bua lililominywa, bila kukatika. Utafiti uliofanywa katika hospitali 23 za Uingereza kwa watoto 965, na kuchapishwa mwaka 2022, uliwagawa kwa kura: wengine wakapewa bandeji laini na kuruhusiwa moja kwa moja, wengine wakafungwa kifaa kigumu na kufuatiliwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali zao. Siku 3 baadaye maumivu yao yalikuwa sawa, na wiki 6 baadaye uwezo wa mikono yao ulikuwa sawa pia.