Kasi ya Bolt, sekunde kwa sekunde
Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin, Agosti 16, 2009, wastani wake ulikuwa mita 10.44 kwa sekunde. Namba hiyo haituelezi alichapuka wapi wala alianza kuchoka wapi. Majibu hayo yamo kwenye muda uliopimwa kila baada ya mita 10.

Kutoka mita 10 hadi 20 alitumia sekunde 0.99, yaani mita 10.10 kwa sekunde. Kutoka 60 hadi 70 alitumia 0.81, sawa na mita 12.35. Kadiri kipande kinavyofupishwa, wastani wake unakaribia kasi ya papo hapo, na hapo ndipo derivativi inapozaliwa.

Lakini vipande vifupi vina hatari yake. Kosa la sekunde 0.01 tu hugeuza 12.35 kuwa 12.20, na kosa hilo hukua zaidi tunapotafuta mchapuko. Kwa hiyo ni salama zaidi kutafuta kwanza fomula laini inayopita karibu na vipimo vyote. Nimejaribu hii, s ikiwa umbali kwa mita na t sekunde zinazohesabiwa tangu Bolt aanze kusukuma, baada ya sekunde 0.146 za kuitikia mlio:

s = 12.2t − 15.25(1 − e^(−0.8t))

Kwa t = 9.434 inatoa mita 99.9, na katika alama ya mita 50 inatoa 49.9. Inatosha kuaminiwa. Derivativi ya kwanza ni kasi:

v = 12.2(1 − e^(−0.8t))

Ya pili ni mchapuko:

a = 9.76e^(−0.8t)

Tazameni mwanzo, t ikiwa sifuri: 9.76, karibu sawa na mchapuko wa kitu kinachoanguka duniani! Binadamu huyu aliupata kwa miguu, akielekea mbele. Sekunde moja baadaye umeshuka hadi 4.4, kwenye sekunde ya tano umebaki 0.18. Kasi inaendelea kupanda huku mchapuko ukishuka, jambo linalowachanganya wanafunzi wengi: mchapuko mdogo bado unaongeza kasi, alimradi ni chanya.

Fomula hii inashindwa mwishoni. Mchapuko wake haugeuki kuwa hasi kamwe, ilhali mita 20 za mwisho Bolt alitumia sekunde 0.83 kwa kila mita 10, yaani 12.05 kwa sekunde. Alikuwa anapunguza kasi. Anayetaka kuchambua umaliziaji wake anahitaji kuongeza kijenzi cha uchovu kabla ya kutafuta derivativi.