Msomaji kama Mjenzi wa Omelas

Hadithi fupi ya Ursula K. Le Guin, "The Ones Who Walk Away from Omelas", iliyochapishwa mwaka 1973, hujadiliwa zaidi kama fumbo la kimaadili: je, ni halali mji mzima ustawi kwa mateso ya mtoto mmoja asiye na hatia? Swali hilo Dostoyevsky alikuwa amekwisha kuliuliza katika riwaya yake The Brothers Karamazov, na Le Guin mwenyewe anautaja wazi mchango wa mwanafalsafa William James katika kichwa kidogo cha hadithi. Upya wa kazi hii umo katika usimulizi, hasa namna msomaji anavyotiwa kazini kabla hajajua anajenga nini.

Sherehe ya kiangazi inafunguliwa kwa wakati uliopita: kengele, maandamano, farasi waliopambwa tepe. Punde msimulizi anasita, anaingiwa na shaka kwamba mji wake unafanana mno na ngano, kisha anamwachia msomaji auumbe apendavyo. Ukitaka mashine za kufulia, ziweke. Ukiona watu hawa ni watawa kupita kiasi, waongezee anasa. Usimulizi unahamia katika hali ya masharti, na katikati ya ukarimu huo wote msimulizi anashikilia jambo moja asilotaka lijadiliwe: Omelas hamna hisia ya hatia. Sentensi hiyo ni fupi, imewekwa kana kwamba haina uzito, na katika usomaji wa pili hakuna nyingine inayotisha kuliko hiyo.

Ndipo tunaulizwa kama tunaamini, na msimulizi, akichukulia kwamba bado, anaongeza jambo moja: chumba cha chini ya ardhi, kisicho na dirisha, na mtoto ndani yake. Masharti yanakoma. Wakati uliopo unatawala, na vipimo vinatajwa: takriban hatua tatu kwa mbili. Furaha tuliachiwa tuibuni wenyewe. Mateso tunakabidhiwa yakiwa yamekamilika, na ni hayo yanayotufanya tuuamini mji. Ladha yetu ya usomaji ndiyo iliyomdai mtoto huyu.

Ulinganifu mwingine umefichwa katika umri. Pembeni mwa umati ameketi mtoto wa miaka 9 au 10, peke yake, akipuliza filimbi. Aliyefungiwa anaonekana wa miaka 6, ilhali anakaribia 10. Le Guin anawafunga wawili hao pamoja: bila kilio cha mmoja, muziki wa mwenzake haupo. Tusiharakishe kumwita aliyefungiwa kafara, maana kafara huchinjwa mara moja jambo likaisha, na huyu analishwa kidogo kila siku ili aendelee kuteseka.

Wanaoondoka Omelas, wale wanaotajwa katika jina la hadithi, huondoka mmoja mmoja, na msimulizi anasema hawezi kupaeleza wanakokwenda. Mwaliko wa kubuni haurudiwi. Wanaouona mwisho huu kuwa dhaifu kwa kuwa hauna mpango wa kumwokoa mtoto wana hoja nzito ya kimaadili, lakini kimuundo nauona mwisho huo kuwa wa lazima: hapo wanapokwenda ndipo mahali pekee ambapo msomaji hakuruhusiwa kupajenga. Isome tena, na kabla hujafika kwenye mlango wa kile chumba, orodhesha kila ulichokubali.