Tembo Anayeshika Simu

Wachongaji wa Kikamba wanastahili pongezi kwa kitu kidogo cha mezani: tembo wa mti anayeshikilia simu. Ufundi wao una mizizi kwao Wamunyu, ambako Mutisya Munge alirudi na ujuzi wa kuchonga kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukaenea hadi karakana za Changamwe, Mombasa.

Ukimtazama tembo huyu kwa haraka utaona mnyama tu, kumbe fundi ameshapiga hesabu. Simu huegemea nyuma, kwa hiyo miguu ya nyuma sharti ikanyage mbali na uzito ukae chini, la sivyo vyote viwili vitapinduka kidole kikigusa kioo. Mfuo wa kusimamishia simu ukiwa mwembamba, simu yenye kava haiingii. Ukiwa mpana, inayumba. Tena pachimbwe njia ya waya wa chaji bila kuudhoofisha mguu. Na mti, uwe mwarobaini au jakaranda, ukauke vizuri, maana mbichi hupasuka.

Haya yote kwa tezo, patasi na msasa! Kwangu mimi, ustadi mkubwa zaidi ni kwamba simu ikiondolewa, tembo hubaki sanamu kamili, hapungukiwi na kitu.