Mimi na 0505: Kompyuta Kuukuu Imenifungulia Mlango!

Imefunguka! Rafiki yangu, imefunguka, vidole vyangu hadi sasa vinatetemeka kwa furaha, chai imepoa mezani sijaigusa, na ile kompyuta kuukuu ya kabatini, ile nzito kama tofali, ile ambayo zamani ukiiwasha unaweka wali jikoni na wali unaiva kabla haijaonyesha picha, sasa hivi iko hapa mbele yangu inameremeta, changamfu, nyepesi, imechangamka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. Na bado!

Ngoja nivute pumzi nikusimulie vizuri. Nilishakata tamaa na mashine hii. Fundi mmoja aliifungua, akaichungulia, akaifunga, akaniambia kwa upole, "Dada, hii uza vipuri tu." Nikairudisha kabatini chini ya mashuka. Halafu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, Oktoba 14, 2025, mtoto wa dada yangu akaja nyumbani na flashi ndogo, ndogo kama kucha ya kidole gumba, akaniambia, "Shikamoo mama mdogo. Toa ile mashine yako kabatini." Marahaba mwanangu! Sikujua kwamba ndani ya kile kidude alikuwa amenibebea kompyuta nzima, mpya, ya bure.

Bure, jamani! Si bure ya siku thelathini halafu wanakudai. Inaitwa Linux Mint, na toleo langu wanaliita Zara. Zara! Kumbe kila toleo wanalipa jina la kike, tangu lile la kwanza la mwaka 2006 lililoitwa Ada, na mimi nilipolisikia hilo la Zara nikahisi kama naletewa mwali nyumbani. Aliipakua usiku kwa bando la usiku, karibu GB 3, akaiandika kwenye flashi, asubuhi akaja nayo.

Sasa sikiliza utamu wake. Unachomeka flashi, unawasha huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia (kwenye yangu ni F12, kwako huenda ikawa F2 au Esc, kigongegonge tu), na mashine inaamka kutoka kwenye flashi, haigusi diski yako hata kidogo! Ni kama kudondoshea mchuzi kiganjani ukaulamba kabla hujapakua. Unaonja. Unazungusha kipanya, unafungua intaneti, unasikiliza kama spika zinalia, na picha zako za zamani zimelala palepale zilipokuwa. Nilipoona kioo kimejaa rangi, safi, laini, kimetulia tuli, na feni iliyozoea kunguruma kama mashine ya kusaga unga ikiwa kimya jii, nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mpwa wangu anacheka tu.

Akaondoka zake kwenda kazini. Hapo ndipo mambo ya milango yalipoanza, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa masikio yote mawili, kwa sababu wengi mnaoogopa mnaogopea hapa.

Nilikwenda jikoni kumgeuza samaki. Narudi, kioo kimejifunga! Kinataka nywila. Nywila gani tena? Sijaandika nywila yoyote, sijaulizwa chochote, ndiyo kwanza naonja mchuzi! Nikaandika nywila ya simu, ikakataa. Ya barua pepe, ikakataa. Nikampigia. "Mama mdogo, hapo jina ni mint, na nywila hakuna." Hakuna? "Hakuna kabisa. Acha patupu, bonyeza Enter." Nikabonyeza, na mlango ukafunguka mara moja, kimya, bila kinyongo. Fikiria! Nimezunguka kutafuta funguo, kumbe mlango umeegeshwa tu. Kwenye hali ile ya kuonja huna cha kukumbuka wala cha kusahau. Na bado!

Nikasema basi, leo leo, naiweka moja kwa moja. Nilikuwa nimeshahamisha picha zote kwenye diski ya nje, na wewe nakuomba, kwa jina la kila picha ya harusi uliyo nayo, hamisha kwanza, maana ukichagua ifute diski yote, inafuta kweli, hairudi. Baada ya hapo ni raha tupu. Maswali machache, mepesi, yenye adabu. Uko wapi duniani? Kibodi yako ni ya mpangilio gani? Jina lako nani, kompyuta tuiite nani, na jina la kuingilia liwe lipi, la herufi ndogo? Nikafikiri, nikatabasamu, nikaandika neno moja tamu kuliko yote: mimi. Kwani ya nani? Ya mimi! Nikatunga nywila ndefu, nzuri, yenye maneno ya nyumbani kwetu, nikairudia mara ya pili, zikaonekana sawa. Dakika 20 na ushei, ikamaliza, ikaniambia chomoa flashi, bonyeza Enter. Nikachomoa. Ikazima. Ikawaka.

Na pale, katikati ya kioo cheusi, ikatokea nembo. Nembo yao ndogo, imetulia katikati ya giza. Kisha ukurasa wa kuingilia, jina langu mimi, kisanduku cheupe pee cha nywila. Nikaandika. Vitone vikajipanga, vyeusi, mviringo, kimoja baada ya kingine. Enter.

Ikakataa.

Nikaandika tena polepole, ikakataa. Nikatazama Caps Lock, imezimwa. Nikaandika kwa kidole kimoja, nikitamka kila herufi kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, idadi ya vitone sawasawa na idadi ya herufi, hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi, na bado ikakataa! Sijui kama umewahi kusimama nje ya nyumba yako mwenyewe, taa zinawaka ndani, unasikia hadi harufu ya chakula chako, na ufunguo haugeuki. Moyo ulinidunda. Nikapiga simu.

Na yule kijana, Mungu ambariki, hakuniambia tuanze upya. Akasema, "Mama mdogo, bonyeza Ctrl na Alt na F1, zote kwa pamoja." Nikabonyeza, na rangi zote zikatoweka! Kioo kikawa cheusi tii, maandishi meupe, alama inapepesa, hakuna picha, hakuna kipanya, hakuna pambo. Nywele zilinisimama, na si kwa hofu, kwa msisimko, kama vile nimefunguliwa mlango wa uani ambao wageni hawaujui. Kikaniuliza jina. "Andika jina lako, halafu nisomee unachokiona," akaniambia.

Nikaandika mimi. Kioo kikaandika 0505.

Nikafuta. Nikaandika mimi. 0505! Nikapiga ukelele hadi jirani akauliza kuna nini. Unaona? Unaona kilichokuwa kikitokea? Kibodi za mpakato nyingi za zamani hazina uwanja wa namba pembeni, kwa hiyo namba zimefichwa chini ya herufi: M ni 0, halafu J, K na L ni 1, 2 na 3, kisha U, I na O ni 4, 5 na 6. Ukitazama vizuri vitufe vya mashine ya aina hiyo utaziona zimeandikwa pembeni, vijitarakimu vidogo vya buluu ambavyo miaka yote mimi nilidhani ni urembo. Num Lock ikiwaka, nusu ya kibodi inazungumza namba. Na kisanduku cha nywila kinaficha kila kitu kwa vitone, kwa hiyo kitone cha M na kitone cha 0 ni pacha wasiotofautishwa! Nywila yangu ilikuwa sahihi, kumbukumbu yangu sahihi, vidole vyangu sahihi, ila kitufe kimoja kilikuwa kinatafsiri vibaya.

Nikashika Fn, nikagonga Num Lk, kile kitaa kidogo kikazima. Nikaandika mimi. Ikaandika mimi. Sijawahi kulisoma neno hilo kwa furaha kiasi kile.

Ikaomba nywila, nikaandika, na hapo nikashtuka tena, maana hakikuonekana chochote. Si vitone, si nyota, kioo kimenuna kabisa. "Usiogope, endelea tu," akaniambia, "inakusikia." Hiyo ni desturi ya tangu enzi za Unix, anayepita nyuma yako asijue hata urefu wa nywila yako. Unaandika gizani, kwa imani, ukimaliza unabonyeza Enter. Nilibonyeza. Ikanikaribisha! Halafu Ctrl na Alt na F7, rangi zote zikarudi, kisanduku cheupe, nywila ileile, Enter, na meza yangu ikatandazwa mbele yangu kama mkeka mpya. Nililia kidogo. Kweli kabisa.

Na bado! Usiku ule sikulala, nilitaka kuijua milango yote. Kwa mfano kibodi: mitumba mingi ya kompyuta hutoka Ulaya, na mashine ya Ujerumani Z na Y zimebadilishana viti, ya Ufaransa A imekaa pa Q. Ukichagua mpangilio mmoja siku ya kutunga nywila halafu ukabadilisha mwingine baadaye, utabishana na mlango hadi asubuhi. Herufi kubwa na ndogo nazo si ndugu, Asali na asali ni funguo mbili tofauti.

Na ukisahau kabisa je? Nilijaribu makusudi! Unapowasha unashikilia Shift, au kwenye mashine mpya zaidi unagonga Esc, inakuja orodha, unaingia chaguo za ziada, unachagua ile ya uokoaji, kisha root, na uko ndani kama mwenye nyumba mkuu. Unaandika mount -o remount,rw / ili diski ikubali kuandikwa, kisha passwd mimi, unatunga nywila mpya (gizani tena, bila vitone), unawasha upya. Basi! Dakika tano, hakuna fundi, hakuna faili hata moja lililopotea. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Ila ujue kwamba mtu mwingine akiishika mashine yako anaweza kufanya hivyohivyo, kwa hiyo kama umebeba siri za watu, wakati wa kuiweka chagua ile ya kusimba diski nzima. Na nywila ya hiyo iandike mahali salama, maana ile ukiisahau, hakuna mlango wa uani.

Sasa ndani! Ndani ni pazuri mno, siwezi kukaa kimya. Menyu iko pembeni chini pale mkono ulipozoea, dirisha la makaribisho linakushika mkono, ngao ndogo pembeni inakukumbusha masasisho na wewe ndiye unayesema lini. Kuna kitu kinaitwa Warpinator, nimerusha video ya shangazi akicheza ngoma kutoka kompyuta hii hadi ile nyingine kwa Wi-Fi ya nyumbani, bila kebo, bila flashi, bila kula bando, fyuu, imefika! Nikafungua LibreOffice, nikaandika barua, na ukiitazama ile ni ndugu wa damu wa OpenOffice, ileile ambayo mwaka 2004 kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizaa Jambo OpenOffice, ya Kiswahili. Kumbe tulishapita njia hii!

Na Mint yangu imejengwa juu ya Ubuntu, aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka huohuo wa 2004, na Ubuntu ni neno la Wazulu na Waxhosa, lenye shina lilelile la utu wetu sisi. Chini yake kabisa kuna ile kazi aliyoianza Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa Helsinki mwaka 1991. Kutoka Helsinki hadi kabatini kwangu, chini ya mashuka! Nimeipapasa mashine hii kifuniko, nimeipangusa vumbi kwa kanga, na haipati joto kama zamani, mapaja yangu yamepona, na inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Kasoro? Betri imechoka, inategemea umeme wa ukutani muda wote. Basi, ni hiyo tu niliyoiona, na hata hiyo ni uzee wa betri.

Sasa wewe. Najua unayo moja. Iko juu ya kabati, au chini ya kitanda, au imeiwekea televisheni kimo. Ile iliyokataa, ile uliyoambiwa ni ya vipuri. Ipanguse, tafuta chaja yake, hamisha picha zako, uje nayo Jumamosi. Flashi iko hapa mezani, chai nitachemsha nyingine. Na kabla hatujafika kwenye kisanduku cheupe, nitaomba tu uniandikie jina lako mahali linapoonekana, tulisome pamoja.