Kamani, Visahani na Mkono Unaoandika Kichina

Tangu padri Matteo Ricci alipompelekea mfalme Wanli zawadi ya saa mwaka 1601, kasri la Beijing halikushiba saa. Nyingine zilitoka London, nyingine zilitengenezwa na mafundi wa Guangzhou, na kasri lenyewe likafungua karakana yake. Iliyo ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Timothy Williamson, fundi wa London wa karne ya 18: shaba iliyopakwa dhahabu, kimo cha sentimita 231, ghorofa nne. Ghorofa ya chini amepiga goti Mzungu mwenye burashi mkononi. Ichovye wino, fungua mtambo, naye ataandika herufi 8 za Kichina za kumtukuza mfalme, huku kichwa kikiyumba.

Watazamaji husema saa hiyo inaandika. Saa haiandiki. Mtambo wa mwandishi haukuunganishwa na ule wa majira. Una kamani yake na hutiwa ufunguo peke yake. Saa hutaka nguvu ndogo isiyobadilika usiku na mchana, ilhali sanamu humaliza nguvu nyingi kwa muda mfupi. Kamani moja ikibebeshwa kazi zote mbili, kila onyesho litavuruga majira.

Hata kamani ya majira ina udhaifu wake: ikitoka kutiwa ufunguo huvuta kwa nguvu, ikilegea huchoka. Mafundi wa London wa zama hizo waliutibu kwa pia yenye mfereji na mnyororo mwembamba. Kamani ikiwa na nguvu, mnyororo huvuta penye wembamba wa pia. Ikichoka, huvuta penye upana. Nguvu inayofika kwenye magurudumu hubaki karibu ileile.

Sasa mkono. Ndani mna visahani vitatu vyenye kingo zilizochongwa mabonde na vilima, na wenzo hupita juu ya kila ukingo. Viwili, cha juu na cha chini, huongoza mistari ya kulala na ya kusimama. Cha katikati huinua na kushusha burashi, nacho ndicho nikionacho cha ajabu zaidi: burashi ikikandamizwa mno mstari unavimba, ikiinuliwa kidogo unakonda, kwa hiyo kosa la fundi mwenye tupa huonekana karatasini. Sanamu-mwandishi wa fundi saa Jaquet-Droz wa mwaka 1774, aliyeko Neuchâtel, Uswisi, ana akili zaidi, kwani hupangwa upya kuandika maneno yoyote ya hadi herufi 40. Wa Beijing anajua 8 tu. Lakini yule wa Uswisi hushika kalamu ya unyoya, si burashi.

Magurudumu ya saa za namna hii ni ya shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kwa sababu hukatika vizuri kwa tupa na huteleza kwenye chuma bila kukwaruzana sana. Sisi wa Lubumbashi tuna shaba, na zinki iko Kipushi, mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Ukiuziwa saa ya Kichina ya mtindo wa kale yenye vijisanamu, igeuze kwanza. Kwa kawaida kila kamani ina tundu lake la ufunguo: la majira, la kengele, na la vijisanamu. Ukikuta nyumba ya betri peke yake, hilo ni pambo. Lipa bei ya pambo.